Somo la Lishe ya Kaya: Kijana Anapokataa Nyama

KUSUDI LA SOMO

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya Makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao. Linahusu kijana, wa kike au wa kiume, aliyelelewa kwa chakula cha nyumbani kama ndugu zake, ambaye siku moja hutamka mbele ya wazazi kwamba tangu hapo hali nyama tena. Baada ya kulisoma na kulijadili somo, wanachama watazamiwa kuweza:

(a) kutambua sababu zinazomfikisha kijana kwenye uamuzi huo;
(b) kupanga chakula kitakachomtosha bila kuiongezea kaya gharama kubwa wala kumwongezea mama kazi ya kupika mara mbili;
(c) kulinda heshima ya wazazi na utu wa kijana kwa pamoja;
(d) kuzijua dalili zinazotaka kijana apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Katibu anashauriwa kulisoma somo kwa sauti mbele ya kikundi, sehemu moja baada ya nyingine, na kutoa nafasi ya maswali kabla ya kuendelea. Utaratibu huu si mgeni nchini Tanzania. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliendeshwa kwa vikundi vya wananchi waliosikiliza redio, wakasoma vitabu vya mafunzo pamoja, kisha wakaamua wenyewe la kutenda.

1. USHIRIKA NA CHUNGU CHA MWANACHAMA

Huenda mwanachama akauliza: chama cha kuuza mazao kina haja gani na chungu kilichoko jikoni kwake? Jibu ni kwamba elimu ni mojawapo ya kanuni za ushirika tangu siku za waasisi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844. Kanuni zilizothibitishwa na vyama vya ushirika duniani mwaka 1995 ziliongeza pia wajibu wa kuijali jamii ambamo chama kimo. Zaidi ya hayo, mazao yanayofika kwenye mizani ya chama hayalimwi na mtu mmoja. Hulimwa na kaya nzima. Kaya ambayo baba na binti hawasemezani kwa sababu ya kitoweo haiwezi kupalilia shamba moja kwa moyo mmoja.

Jambo hili huonekana dogo, lakini lina uzito wake. Katika desturi za makwao wengi, chakula ni heshima. Anayepika amejitoa, na anayechinja amejitoa zaidi. Mtoto anaposukuma kando kipande cha nyama alichopewa, mzazi huona kwamba kilichosukumwa ni mkono wake mwenyewe. Kwa upande wa pili, kijana anapolazimishwa kula asichokitaka, huona kwamba neno lake halina thamani nyumbani mwao. Hapo ndipo ugomvi huanza, ijapokuwa hakuna aliyekusudia kumtukana mwenzake.

2. SABABU ZA VIJANA

Kabla ya kuamua, ni lazima kuuliza. Vijana hawaachi nyama kwa sababu moja. Sababu zinazojulikana zaidi ni hizi:

Kwanza, imani. Kanisa la Waadventista Wasabato huwahimiza waumini wake kula vyakula vya mimea, na baadhi yao hawali nyama kabisa. Vijana wanaofuata njia ya Rasta nao huepuka nyama. Miongoni mwa Wahindu na Wajaini wa Afrika Mashariki zimo koo ambazo kwa vizazi vingi hazikula nyama, zikalea watoto wao kwa dengu, choroko, mbaazi, maziwa na mtindi.

Pili, huruma kwa wanyama. Watoto wa wakulima ndio wachungaji wa mbuzi na walishaji wa kuku. Kijana aliyemlea mwanambuzi kwa mikono yake aweza kushindwa kumla, na ushindwe huo usiwe deko.

Tatu, afya. Wako wanaosikia kwamba nyama nyingi yenye mafuta huleta maradhi ya moyo, nao huamua kujihadhari mapema.

Nne, marafiki na mambo ya ulimwengu. Kijana husoma, husikiliza, huona wenzake shuleni wakifanya jambo, naye hulijaribu. Uamuzi wa namna hii huweza kudumu, au ukapita kama mvua za vuli.

Tano, kutaka kupunguza mwili. Sababu hii ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, na somo litairudia katika sehemu ya nane.

Mzazi anayeuliza kwa upole atapata jibu la kweli. Anayeuliza kwa ukali atapata ukimya, na ukimya haumsaidii mtu kupanga chakula. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

3. NI NYAMA GANI INAYOKATALIWA?

Swali hili mara nyingi husahauliwa, na kwa kusahauliwa huleta usumbufu. Wanaoacha nyama wamegawanyika katika mafungu. Wapo wanaoacha nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini huendelea kula samaki na dagaa. Wapo wanaoacha samaki pia, lakini hunywa maziwa na kula mayai. Wapo, tena wachache, wanaoacha kila kitu kitokacho kwa mnyama, hata maziwa na mayai.

Tofauti hizi si za maneno tu. Kijana anayekula dagaa, au anayekunywa maziwa na kula mayai, ni rahisi kumlisha katika kaya yoyote ya mkulima. Yule anayekataa vyote huhitaji mpango wa makini na ushauri wa mtaalamu wa afya, kama itakavyoelezwa. Hivyo basi wazazi na kijana wakae, wataje chakula kimoja kimoja, na wakubaliane ni kipi kinaliwa na kipi hakiliwi. Baadhi ya wazazi wataona kwamba kilichokataliwa ni kidogo kuliko walivyodhani.

Tena ikumbukwe kwamba katika kaya nyingi za wakulima nyama si chakula cha kila siku. Ugali kwa maharage, makande, ndizi kwa maharage, wali kwa kunde, muhogo kwa kisamvu: hivi ndivyo vyakula vya siku nyingi. Mwanafunzi wa bweni aliyezoea ugali na maharage amekwisha kuishi hivyo kwa muhula mzima. Kwa hiyo jambo gumu halimo katika siku za kawaida. Limo katika siku za sikukuu, siku za wageni, na siku ambayo baba amerudi kutoka gulioni na furushi la nyama.

4. MWILI WA KIJANA UNADAI NINI?

Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana wa awali kuwa ni umri wa miaka 10 hadi 19. Huu ni wakati ambao mwili hukua kwa kasi kubwa. Mifupa hurefuka, misuli hujengeka, na kwa wasichana damu ya mwezi huanza. Kwa sababu hiyo kijana huhitaji vyakula vya kujenga mwili, yaani protini, pengine zaidi ya mzee anayemlisha.

Kwa kipimo cha wataalamu, kijana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji protini kiasi cha gramu 0.85 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Binti mwenye kilo 50 basi huhitaji gramu 43 hivi. Je, zaweza kupatikana bila nyama? Katibu aiandike hesabu ifuatayo ubaoni. Vipimo ni vya chakula kikavu kabla ya kupikwa, nazo hesabu ni za kukadiria:

Asubuhi: uji wa unga wa dona gramu 50 — protini gramu 4
Bilauri moja ya maziwa — protini gramu 8
Mchana: makande, mahindi gramu 100 — protini gramu 9
Maharage ya makande hayo, gramu 70 — protini gramu 15
Jioni: ugali wa dona, unga gramu 200 — protini gramu 16
Karanga za kusaga katika mchicha, gramu 30 — protini gramu 7
JUMLA — protini gramu 59

Jumla hiyo yapita mahitaji, na ziada hiyo ni ya lazima, kwa kuwa protini ya mimea haitumiki yote mwilini kama ile ya nyama. Sasa Katibu afute maziwa, maharage na karanga, abakize mahindi peke yake. Zinabaki gramu 29. Binti huyo huyo, akila ugali ule ule na uji ule ule, sasa amepungukiwa.

Hesabu hii yafundisha jambo moja kubwa. Kijana hadhuriki kwa kuacha nyama. Hudhurika kwa kuacha nyama bila kuweka kitu mahali pake. Mzazi asemaye, "Kama hutaki nyama, kula ugali na mchuzi," hamwadhibu mtoto kwa ukaidi wake. Anaunyima mwili wake vitu vya kujengea.

Kuna sababu nyingine ya kuchanganya nafaka na jamii ya kunde. Mahindi yana upungufu wa sehemu moja ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi, nayo maharage yana upungufu ambao mahindi huujaza. Bibi waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao ulikuwa sahihi. Vyakula hivi si lazima viliwe kwa mlo mmoja. Yatosha viliwe katika siku moja.

5. DAMU NA VITAMINI

Protini si yote. Mambo mawili yanahitaji kuangaliwa.

La kwanza ni madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Wasichana wanayahitaji zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Chuma kimo katika maharage, dengu, kunde, ulezi na mboga za majani, lakini mwili hukifyonza kwa shida kuliko chuma cha nyama. Njia za kuusaidia ni rahisi, nazo zimo ndani ya uwezo wa kila kaya:

(a) Kula tunda lenye vitamini C pamoja na mlo: pera, chungwa, papai, embe, au kukamua ndimu katika maharage.
(b) Kutokunywa chai wala kahawa pamoja na chakula, kwa maana huzuia chuma kisifyonzwe. Ni vema kungoja kiasi cha saa moja baada ya kula. Wakulima wa chai na kahawa wasione vibaya. Kinywaji ni kile kile, saa tu ndiyo inayobadilishwa.
(c) Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea kabla ya kupika. Maharage hayo ni lazima yachemke sawasawa hadi yaive, hasa maharage mekundu, kwani yakiwa mabichi yana sumu iumizayo tumbo.

La pili ni vitamini B12, ambayo mwili huitumia kwa damu na kwa mishipa ya fahamu. Vitamini hii haipatikani katika mboga, nafaka wala maharage. Imo katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Kijana anayekunywa maziwa kila siku na kula mayai mara kwa mara aweza kuipata. Asiyekula chochote cha mnyama ni lazima aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na kwa hili aende zahanati akashauriwe. Upungufu wake huja polepole, pengine baada ya miaka, kwa maana mwili una akiba. Kwa hiyo afya njema ya miezi ya kwanza isimdanganye mtu kwamba hakuna tatizo.

Hapa pafaa kukumbusha desturi moja iliyoleta hasara. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, wasichana na wanawake walikatazwa kula mayai au kuku. Familia ambayo bado inashika mwiko huo, na ambayo binti yake ameacha nyama, itakuwa imemfungia milango miwili kwa pamoja. Yai ni chakula cha binti kama lilivyo chakula cha mvulana.

6. CHUNGU KIMOJA

Malalamiko ya akina mama katika jambo hili ni ya haki. Mama aliyeshinda shambani hawezi kuombwa kupika vyungu viwili jioni. Dawa yake ni kupika msingi mmoja na kuugawa.

Maharage, mbaazi, ndizi au mboga za majani hupikwa kwanza bila nyama, pamoja na kitunguu, nyanya, na karanga au nazi. Yanapoiva, fungu la kijana hupakuliwa na kuwekwa kando. Kisha nyama iliyochemshwa au dagaa huongezwa katika yaliyobaki. Kazi inayoongezeka ni ya bakuli moja na upawa mmoja. Upawa uwe mwingine kwa kweli, kwa maana kijana aliyeshika neno lake kwa imani ataona kwamba mchuzi wa nyama ni nyama.

Yafaa pia kijana mwenyewe ashike sehemu ya kazi. Kanuni ya ushirika ni kwamba mwanachama hujiunga kwa hiari, na baada ya kujiunga ana wajibu. Hali kadhalika nyumbani: uamuzi ni wa hiari yake, lakini wajibu unauandama. Aloweke maharage usiku, atwange karanga, apande mchicha na kunde nyuma ya nyumba, na zamu yake ya kupika ifikapo, aipikie kaya yote, pamoja na wale wanaokula nyama kama atakavyokubaliana nao. Jambo hili lawahusu wavulana sawa na wasichana. Mvulana anayeacha nyama, kisha akamwachia mama au dada yake kazi ya kumpikia, hajafanya uamuzi, ametoa amri.

Kuhusu gharama, kila mtu katika kaya ana fungu lake. Fungu la nyama ambalo kijana halichukui lisipotee wala lisigeuzwe adhabu. Litolewe kwa sura nyingine: maharage zaidi, karanga, mayai, au maziwa. Kwa njia hiyo ndugu zake hawataona kwamba anapendelewa, naye hataona kwamba amenyimwa.

7. MFANO WA KUJADILI

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya majadiliano, nao haumhusu mtu yeyote.

Mkulima mmoja wa kahawa alikuwa na binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Binti huyo alikuwa amemlea mwanambuzi kwa chupa baada ya mamaye kufa. Mbuzi alikua, na siku ya sherehe ya kaka yake akachinjwa. Binti hakula siku ile, na tangu siku ile hakula nyama yoyote.

Baba alivumilia juma moja. Juma la pili alisema wakati wa chakula, "Nyumba hii si hoteli. Kinachopikwa ndicho kinacholiwa."

Binti akajibu, "Baba, sikatai chakula chenu. Nyama ndiyo siiwezi."

Tangu hapo, siku za nyama binti alikula ugali na mboga kidogo, akashushia kwa chai ya rangi. Mama alimwonea huruma. Akaanza kutia supu ya nyama katika maharage kwa siri, apate nguvu bila kujua. Siku moja binti akakuta kifupa katika bakuli lake. Hakusema neno. Ila kuanzia kesho yake hakula chochote kilichopikwa na mama, bali mahindi aliyochoma mwenyewe.

Baada ya miezi miwili binti akaanza kuona kizunguzungu wakati wa kuchuma kahawa. Zahanati walimpima damu, wakakuta gramu 10 kwa desilita, na kipimo cha msichana wa umri wake hakifai kuwa chini ya 12. Mganga hakulaumu chakula peke yake. Alieleza kwamba malaria na minyoo ya safura pia hupunguza damu, akapima, akampa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akamwambia arudi.

Shangazi yake binti, dada wa baba, ndiye aliyewakalisha pamoja. Kwanza alimtaka kaka yake aseme kinachomuuma. Baba akasema, "Nilidhani ananidharau mimi niliyeshika kisu." Binti akashtuka, kwa maana hakuwahi kuwaza hivyo. Akasema, "Hapana, baba. Ulichinja kwa ajili ya kaka, na ilikuwa haki yako. Mimi nilikuwa na mbuzi yule tu moyoni." Kisha mama akakiri juu ya ile supu, akamwomba mwanawe radhi.

Wakakubaliana mambo matano. Binti atakula mayai na kunywa maziwa. Mama hatamficha kitu tena katika chakula. Binti ataloweka maharage na kupika siku mbili kwa juma. Baba hatalitaja jambo hili wakati wa kula. Binti naye hatawasimanga wenzake wanaokula nyama, wala kukunja uso mbele ya sahani zao. Baba hakubadili maoni yake. Aliendelea kuona kwamba jambo hili ni la ajabu. Lakini wakala pamoja, na binti akarudi zahanati siku aliyoambiwa.

Wanakikundi wajadili: ni nani aliyekosea, na katika hatua ipi? Wengi watamtaja baba. Lakini na watazame vema ile supu ya siri. Neno la baba lilimuudhi binti, ila hila ya mama, ijapokuwa ilitoka katika mapenzi, ndiyo iliyomfanya asikiamini tena chakula cha nyumbani.

8. DALILI ZISIZONGOJA

Wazazi wasikae kungoja iwapo wanaona mojawapo ya mambo haya:

— kijana anachoka upesi, ana kizunguzungu, au viganja na ndani ya kope vimepauka;
— anakonda wakati wenzake wanakua;
— aliacha nyama, kisha akaacha mafuta, kisha ugali, na kila mwezi kuna kitu kingine anachokiacha;
— anakula kwa kujificha, anatupa chakula, au anajitapisha baada ya kula;
— binti aliyekwisha kuanza kuona mwezi wake, haoni tena;
— anahisi ganzi au michomo mikononi na miguuni.

Dalili ya tatu na ya nne huonyesha kwamba pengine nyama ilikuwa kisingizio tu, na kwamba kijana anaogopa kunenepa au ana jambo linalomsumbua moyoni. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Hautibiwi kwa fimbo wala kwa mahubiri. Kijana apelekwe kituo cha afya, na mzazi afuatane naye.

9. WAZEE, WAGENI NA SHEREHE

Bibi anapochinja kuku kwa ajili ya mjukuu aliyetoka shule, amempa alicho nacho chenye thamani. Mjukuu akikataa mbele ya sahani, bibi ataaibika. Dawa ni kutangulia. Kijana apeleke habari kabla, yeye mwenyewe au kwa kinywa cha mzazi: "Bibi, shikamoo. Naja kukuona Jumamosi. Nimeacha kula nyama, naomba unipikie kunde zako zile." Bibi anayeombwa kunde zake hakukataliwa, amesifiwa. Kijana asiende mikono mitupu, na akifika akate kuni na kuteka maji, ili ionekane kwamba heshima haikupungua.

Kwenye arusi au matanga, kijana achukue kilichopo asichokikataa, ashukuru, na asitoe hotuba. Watu wazima nao wasimwite mbele za watu kumhoji. Anayetaka kujua amwulize faraghani.

10. WAJIBU WA CHAMA

Katibu si hakimu wa nyumba za watu. Haimpasi kuingia katika kaya ya mwanachama bila kuitwa, wala kuyasimulia ofisini aliyoambiwa kwa siri. Lakini yako mambo ambayo chama chaweza kuyafanya:

Kwanza, kumwalika afisa lishe au mhudumu wa zahanati siku ya mafunzo, awaeleze wanachama juu ya upungufu wa damu kwa vijana. Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, na elimu yake yafaa kuwafikia wanachama.

Pili, kuwashauri wanachama wasiuze maharage, karanga na mayai yote hata nyumbani kukabaki mahindi tu. Kaya iweke akiba ya chakula cha kujenga mwili kwanza, ndipo ipeleke ziada sokoni.

Tatu, siku ya mkutano mkuu, kamati inapopanga chakula, kiwepo chungu kimoja kisicho na nyama. Makande mema huliwa na wote, na hakuna atakayehitaji kueleza kwa nini ameyachagua.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja sababu tano zinazoweza kumfanya kijana aache nyama. Ni ipi inayohitaji uangalifu zaidi, na kwa nini?
2. Katika hesabu ya sehemu ya nne, ni vyakula gani viwili vya kijijini kwenu vinavyoweza kuchukua nafasi ya maziwa na karanga?
3. Kwa nini chai isinywewe pamoja na mlo wa maharage?
4. Kijana asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anakosa nini, na apelekwe wapi?
5. Je, ni haki mzazi kumficha mtoto kitu katika chakula kwa nia njema? Kila mmoja atoe sababu zake.
6. Mvulana na msichana wakiacha nyama katika nyumba moja, je, hutendewa sawa? Kama sivyo, kwa nini?

KAZI YA VITENDO

Kabla ya kikao kijacho, kila mwanakikundi aandike vyakula vilivyoliwa nyumbani kwake kwa siku saba, na aonyeshe ni siku ngapi kulikuwa na maharage, kunde, karanga, maziwa, mayai, samaki au nyama. Katibu akusanye karatasi bila majina na kuzisoma mbele ya kikundi. Yamkini kaya nyingi zitagundua kwamba hata vijana wanaokula nyama wanapungukiwa, na kwamba mpango uliowekwa kwa ajili ya mmoja aliyekataa waweza kuwafaa wote waliobaki.